Matanga Si Mahakama

Uaminifu kwa wenzi ni sifa inayopendwa na watu wote, na vijana huipenda kuliko wazee. Lakini iko namna moja ya uaminifu ambayo haistahili kupendwa hata kidogo. Ni ile idaiyo kwamba mtu aliyewapenda wenziwe waliouawa hana budi kumchukia papo hapo yeyote atakayetajwa kuwa amewasaliti, wala asiulize ametajwa na nani, kwa ushahidi gani, na kwa faida ya nani. Uaminifu wa namna hii huota sana mahali penye dhuluma, na kwa sababu hiyo watu wema huona haya kuukemea. Hunong'ona kwamba aliyeketi kivulini hana haki ya kumfundisha aliye juani. Insha hii inakusudia kuukemea bila ya kunong'ona. Nasema kwamba waasi vijana wanaomuua mwenzao kwa shuku tupu hawamdhuru mdhalimu wao. Wanamfanyia kazi, tena bila ya ujira. Ushahidi wangu nitautoa katika kitongoji kiitwacho Duduza, nchini Afrika ya Kusini, mwaka wa 1985.

Yafaa kwanza msomaji aijue nchi yenyewe ilivyokuwa, kwani kijana wa leo huenda akaidhania kuwa nchi ya hadithi za kubuni. Ilikuwa nchi ambamo Mwafrika alitembea na kitabu cha pasi mfukoni, na akikutwa bila ya kitabu hicho alitiwa mbaroni katika ardhi ya babu zake. Sheria ya elimu ya mwaka wa 1953 ilikusudia kumsomesha mtoto wa Kiafrika kiasi cha kumfaa kuwa mtumishi, si zaidi. Katiba iliyoanza kutumika mwaka wa 1984 iliwapa Wahindi, na wale walioitwa Machotara, mabaraza yao katika bunge, ikawaacha Waafrika, walio wengi kupita wote, nje ya mlango. Waafrika waliwekewa madiwani wa vitongoji, na madiwani hao wakapandisha kodi za nyumba. Mwezi wa Septemba 1984 vitongoji vya Vaal vikawaka, na moto ule haukuzimika upesi.

Walioingia mbele walikuwa wanafunzi wa shule za sekondari. Chama chao, kilichojulikana kwa kifupi kama COSAS, kiliundwa mwaka wa 1979, miaka mitatu baada ya wenzao wa Soweto kupigwa risasi kwa kukataa kusomeshwa kwa lugha ya Kiafrikana. Wengi wao hawakuwa wametimiza umri wa kupiga kura, hata kama kura ingalikuwapo. Walikuwa na mawe, walikuwa na nyimbo, na walikuwa na hamu kubwa ya kupata silaha iliyo bora kuliko mawe. Hamu hiyo serikali iliijua.

Ndipo akaja mtu. Joe Mamasela alikuwa mtumishi wa kikosi cha siri cha polisi kilichokaa katika shamba la Vlakplaas, karibu na Pretoria. Pamoja na maofisa wa Kizungu, kikosi kile kilikusanya wapigania uhuru waliokamatwa kisha wakageuzwa kuwatumikia polisi, nao waliitwa kwa jina la askari. Ni neno letu hili hili, lililosafiri hata kusini likavishwa aibu ambayo halikuzaliwa nayo. Mamasela alijitia kuwa mpiganaji wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama cha ANC, aliyekuja kuwasaidia vijana wa vitongoji vilivyo mashariki ya Johannesburg. Vijana walimwamini. Aliwaonyesha namna ya kutumia guruneti, yaani bomu la kutupwa kwa mkono, akawagawia, na usiku mmoja ukawekwa ambao wote wangeshambulia kwa pamoja.

Guruneti la kawaida lina utambi ndani yake, hata mtu akiisha vuta pini na kuliachia hupata sekunde chache kabla halijalipuka. Yale waliyopewa vijana hawa yalikuwa yamefunguliwa na sekunde zile kuondolewa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 1985, katika Duduza, KwaThema na Tsakane, vijana walivuta pini, na mabomu yakalipuka mikononi mwao. Wanane wakafa na wengine wakajeruhiwa vibaya. Baada ya miaka mingi, mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, jenerali wa polisi Johan van der Merwe alikiri kwamba mpango ule, uliopewa jina la Zero Zero, ulipitia mikononi mwake, na kwamba waziri aliyehusika na polisi alikuwa ameuridhia. Haukuwa ukorofi wa polisi mmoja mlevi. Ulikuwa kazi ya ofisini, iliyopanda ngazi na kushuka ikiwa na idhini.

Sasa msomaji aingie kwa mawazo katika nyumba za Duduza asubuhi ile. Wanafunzi waliokuwa wakiketi dawati moja jana, leo mmoja yuko hai na mwingine hana mikono wala uhai. Waliobaki walijua jambo moja, nalo lilikuwa kweli: wamesalitiwa. Mabomu manane hayakosi kwa bahati mbaya katika vitongoji vitatu usiku mmoja. Kwa hiyo mtu yeyote asiseme kwamba shuku yao ilikuwa wazimu au ushamba. Shuku yao ilikuwa na akili. Kosa lilianza pale shuku ilipotafuta mahali pa kutua.

Mtu wa kwanza kushukiwa alipaswa kuwa yule aliyeyaleta mabomu. Lakini yule alikuwa amekwenda zake. Jina alilotumia halikuwa lake, na hakuna aliyemjua mama yake, wala nyumba yake, wala kanisa alimosali. Hasira haiwezi kumshika mtu asiye na anwani. Maki Skosana alikuwa na anwani. Alikuwa msichana wa miaka 24, mkaazi wa Duduza, tena alikuwa na mtoto mdogo. Uvumi ukaanza kusema kwamba alikuwa mpenzi wa mgeni yule, au kwamba ndiye aliyemkutanisha na vijana. Nani aliyewaona pamoja? Siku gani? Nyumba ya nani? Maswali haya hayakuulizwa, au kama yaliulizwa, yaliulizwa kwa sauti ndogo kuliko ile ya uvumi. Na mimi naona si jambo la bahati kwamba uvumi ulimchagua mwanamke asiye na mume. Mahali pengi mwanamke wa namna hiyo huwa mtuhumiwa kabla tuhuma haijapatikana. Ikisha patikana, watu husema walijua zamani.

Hapa hatuna budi kuyatazama mazishi ya mwaka ule, kwani bila ya kuyaelewa hatutaelewa kilichotokea. Mikutano ya hadhara ya kisiasa ilikuwa imekatazwa. Mahali pekee ambapo maelfu ya watu waliweza kukusanyika, kuimba, kusikia hotuba na kuinua bendera palikuwa makaburini. Mazishi yakawa mkutano, mkutano ukawa maandamano, na maandamano yakaleta polisi. Tarehe 21 Machi 1985, huko Uitenhage, polisi waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakitembea kwenda mazishini, wakaua 20. Ilikuwa siku ya kutimia miaka 25 kamili tangu mauaji ya Sharpeville. Basi kila mazishi yalizaa maiti, na kila maiti ilidai mazishi yake. Kijana wa miaka 16 aliweza kumaliza mwezi mzima akizika wenzake kila Jumamosi, asipate hata wiki moja ya kukaa kimya na kulia kama watu wengine waliavyo. Kwetu matanga huchukua siku zake. Jirani hupika, wazee huketi mkekani, maneno makali huahirishwa mpaka watu waishe kupoa. Vijana hawa walinyimwa kupoa. Nadhani hili ni moja ya maovu makubwa ya utawala ule, ingawa halitajwi sana: uliwaua watu, kisha ukawanyang'anya waliobaki muda wa kuomboleza.

Tarehe 20 Julai 1985 Maki Skosana alikwenda kuzika. Alikuwa amekwisha sikia kwamba anasemwa vibaya, lakini alikwenda. Katika umati ule mtu akamtaja. Wakampiga, wakamvua nguo, wakamrushia mawe, wakamtia moto. Sitaeleza zaidi, kwa kuwa kamera za televisheni zilieleza yote. Zilikuwapo makaburini, na yaliyopigwa picha yakaonyeshwa Afrika ya Kusini na dunia nzima. Siku ile ile Rais P. W. Botha alitangaza hali ya hatari katika wilaya 36. Kuanzia hapo kila balozi wa serikali ile aliyeulizwa kwa nini majeshi yamejazana vitongojini alikuwa na jibu jepesi: tazameni picha zile, mwone Waafrika wanavyofanyiana wakiachwa wenyewe. Hakusema nani aliyewapelekea mabomu. Kabla ya mwisho wa Agosti COSAS ilipigwa marufuku.

Hebu tupige hesabu kama wafanyavyo wenye maduka. Polisi walitumia mabomu machache na mtumishi mmoja. Wakapata, kwa mkono wao wenyewe, vifo vya vijana wanane. Hiyo ndiyo faida waliyoitarajia. Faida iliyofuata waliipata bure: kifo cha tisa, kilichofanywa na mikono ya wale wale waliokuwa adui zao, picha za kuwatia hofu marafiki wa harakati katika nchi za nje, na zaidi ya yote, kitongoji ambamo tangu siku ile hapana mtu aliyeweza kumwalika mgeni nyumbani bila ya kujiuliza jirani atasema nini. Na Mamasela? Alibaki huru kuendelea. Mwezi wa Juni 1986 alijitia tena kuwa mpiganaji, akawachukua vijana kumi wa Mamelodi waliotamani kwenda kujifunza vita nje ya nchi. Polisi waliwachoma sindano za kuwalevya, kisha wakawateketeza ndani ya gari. Kama vijana wa Duduza wangalitumia nguvu zao kuuliza sura ya yule mgeni, sauti yake, gari lake na maneno yake, wakayapeleka habari hizo vitongoji vingine, huenda wale kumi wangaliogopa kuingia katika gari lile. Sisemi kwamba ni hakika. Nasema kwamba moto aliowashiwa Maki ulikuwa na hakika ya jambo moja tu: ulifunga uchunguzi. Mtu akiisha chomwa kwa kosa fulani, nani atathubutu kesho yake kusema kwamba mwenye kosa bado hajapatikana?

Sisi wa Kenya hatuna ruhusa ya kuyasoma haya kama mambo ya mbali. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliizingira Nairobi, ikawakusanya Waafrika kwa maelfu na kuwapitisha mbele ya watu waliovikwa magunia mwili mzima, yenye matundu mawili ya macho. Waliitwa gakunia. Mtu alisimama mbele ya gunia. Gunia likitikisa kichwa, alipelekwa kizuizini, na huenda asirudi kwa miaka. Uovu wa gunia haukuwa katika kitambaa chake. Ulikuwa katika jambo hili, kwamba mshtaki haonekani, haulizwi, wala halipi kitu akisema uongo. Aliyekuwa na ugomvi wa shamba, au wa mke, au wa deni, aliweza kuumaliza kwa kutikisa kichwa. Basi naomba msomaji aulinganishe uvumi wa Duduza na gunia la Nairobi, aniambie tofauti iko wapi. Uvumi nao ni gunia. Umma ulioapa kumpinga mkoloni kisha ukakubali kuhukumu kwa uvumi, umelishona gunia lake wenyewe na kulivaa. Na leo, yowe la "Mwizi!" linapopigwa sokoni, na tairi na petroli vikaletwa kabla ya mtu yeyote kuuliza ni nini kilichoibwa, tusijidanganye kwamba tumelichana.

Tena ilikuwa katika vita vile vya misitu ya Kenya kwamba hila ya kujigeuza ilifanywa kuwa elimu. Ofisa wa Kiingereza aitwaye Frank Kitson alisaidia kuunda magenge ya bandia, yaani wapiganaji waliotekwa na kugeuzwa wakirudishwa msituni pamoja na maofisa waliojipaka rangi, wavae kama waasi, wale kama waasi, wasalimu kama waasi. Mwaka wa 1960 aliandika kitabu juu ya kazi hiyo, na vitabu husafiri. Genge la bandia liliua kwa risasi, lakini liliua zaidi kwa kuwako kwake. Mpiganaji aliyekutana na mwenziwe njiani hakujua tena kama amsalimu au amkimbie. Imani, ambayo ndiyo iliyokuwa chakula chao cha mwisho, ikaoza. Hii ndiyo sababu nasema kwamba shuku katika harakati za vijana si kitu kinachoota chenyewe kama magugu. Aghalabu hupandwa. Na aliyeipanda hukaa mbali akingoja wenye shamba waanze kukatana mapanga.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba wapelelezi walikuwapo kweli, na kwamba mmoja aliyeachwa hai aliweza kuwaangamiza ishirini. Ni kweli kabisa, wala sijaribu kulipunguza. Lakini hoja hii, ikitazamwa vema, inanisaidia mimi na si wao. Kama mpelelezi ni hatari kubwa kiasi hicho, basi ni lazima apatikane yeye mwenyewe. Kumuua mtu mwingine badala yake ni kumlinda. Kila asiye na hatia anayeuawa kwa jina la mpelelezi humpa mpelelezi wa kweli miezi ya usalama. Na zaidi ya hayo, mahali ambapo kelele kubwa ndiyo cheti cha uaminifu, mpelelezi atajifunza kupiga kelele kuliko wote.

Mwenye kutaka mfano asome habari za Stompie Seipei. Alikuwa mtoto wa miaka 14, mpiganaji tangu utoto wake katika kitongoji cha Tumahole. Mwishoni mwa Desemba 1988 alitekwa nyara yeye na wenziwe watatu kutoka nyumba ya mchungaji wa Kimethodisti huko Soweto, na watu wa timu ya mpira iliyokuwa chini ya himaya ya Winnie Mandela. Stompie alishutumiwa kuwa mpelelezi wa polisi, akapigwa, na mwezi wa Januari 1989 maiti yake ikaonekana. Jerry Richardson, mkufunzi wa timu ile, alipatikana na hatia ya kumuua. Baadaye ikadhihirika mbele ya Tume kwamba Richardson mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mpasha habari wa polisi. Soma tena sentensi hiyo, msomaji. Aliyemchinja mtoto kwa shutuma ya upelelezi alikuwa na siri ya upelelezi chini ya koti lake, na hapana aliyemshuku, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi wa kuadhibu.

Lawama kubwa zaidi hata hivyo siiweki juu ya vijana. Mtoto wa sekondari aliyezika wenzake wiki baada ya wiki anahitaji mkubwa wa kumshika mkono, na wakubwa wengi hawakumshika. Baadhi ya viongozi walinyamaza kwa hofu ya kuonekana waoga. Wengine walifanya vibaya kuliko kunyamaza: mwezi wa Aprili 1986 Winnie Mandela alisimama mbele ya watu akavisifu viberiti na matairi kuwa njia ya ukombozi. Mwanamke yule alikuwa amefungwa, ameteswa, amehamishwa kwake, amenyimwa mumewe kwa zaidi ya miaka 20, na ushujaa wake hauna shaka. Lakini ushujaa wa mtu si hati ya kumsamehe kila neno lake, na maneno yale yaliwafikia vijana ambao walikuwa wakimwita mama. Mtoto aliyeambiwa na mamaye kwamba moto ni halali hatarudi nyuma kutafuta shahidi. Mamia ya watu walikufa kwa tairi na petroli katika miaka ile, na hapana kiongozi anayeweza leo kuonyesha ni wangapi kati yao walikuwa wapelelezi.

Wako pia wale waliozitumia habari hizi kuthibitisha kwamba harakati nzima ilikuwa unyama. Kwao nina maneno machache. Waliounda mabomu ya Zero Zero walikuwa na mishahara, nguo safi, sala za asubuhi na malipo ya uzeeni. Mwenye kutafuta unyama aanzie kwao, ndipo afike makaburini.

Mwaka wa 1997 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifika Duduza kusikiliza. Dada yake Maki alitoa ushahidi wake. Kwa wakati huo yaliyofanywa na Mamasela na wakubwa wake yalikuwa yamekwisha julikana, na ikawa dhahiri mbele ya watu wote kwamba Maki hakuwa na mkono katika jambo lile. Toka usiku wa mabomu hata kuuawa kwake zilipita siku 24. Toka kuuawa kwake hata kusafishwa jina lake ilipita zaidi ya miaka 11, na mtoto wake alikua katika miaka hiyo.

Liko jibu moja la mwisho ambalo watetezi wa moto ule hulitoa, na ndilo wanaloliamini kuliko yote. Husema kwamba ni rahisi kuandika leo juu ya ushahidi na mashahidi, lakini siku ile, katika vumbi lile, mbele ya majeneza yale, hapana mtu angaliweza kuuzuia umati. Yaani waliofanya hawakufanya. Huzuni ndiyo iliyofanya. Jibu hili lingalikuwa na uzito kama tusingalijua yaliyotokea katika kitongoji hicho hicho siku kumi kabla ya kufa kwa Maki.

Tarehe 10 Julai 1985 palikuwa na mazishi Duduza. Waliozikwa walikuwa vijana wanne, nao walikufa kwa mabomu yale yale. Huzuni ilikuwa ile ile, umati ulikuwa wa watu wale wale, na mtu alitajwa, kama Maki alivyokuja kutajwa, kuwa ni mpelelezi. Gari lake lilipinduliwa na kutiwa moto, naye akaburutwa kupelekwa kwenye moto huo huo. Askofu Desmond Tutu, aliyekuwa amepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka uliotangulia, alikuwapo pamoja na Askofu Simeon Nkoane. Hawakuwa na silaha wala walinzi. Tutu hakuwaambia vijana kwamba dhuluma yao si dhuluma, wala hakusema kwamba mtu yule hana hatia, kwa maana hakujua. Alijitia kati, katika kanzu yake ya kiaskofu, akawauliza kama hivi ndivyo wanavyotaka kuupata uhuru. Vijana walimpinga kwa maneno makali. Mmoja baada ya mwingine walimwuliza kwa nini hawaachi wafanye, hali wenyewe wanafanyiwa. Alibishana nao. Na walipokuwa wakibishana, mtu yule, damu ikimtoka, aliingizwa ndani ya gari akaondolewa Duduza akiwa hai.